Barua kwa mwanangu aliyeko Delhi

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Jana kwenye taarifa ya habari wameonyesha Delhi imefunikwa moshi, magari yanawasha taa mchana kweupe, nikawaza huyu wangu na pumu yake anavuta nini huko, na meseji yako ya mwisho inasema Jumamosi unaenda kutembelea kaburi la Rahim, tena alfajiri kabla watu hawajajaa. Alfajiri ndio mbaya! Baridi inaukandamiza moshi chini mpaka jua lipande, we mwenyewe ndo ulinieleza wakulima wa Punjab na Haryana wanavyochoma mabua ya mpunga msimu huu, sasa unajisahau vipi?

Sikukatazi. Nimefurahi mno mwanangu kujua kwamba Abdul Rahim Khan-i-Khanan hakuwa jemadari wa Akbar, yule mfalme wa Wamughal wa India, tu, alikuwa mshairi pia, na kwamba kaburi lile alimjengea mkewe Mah Banu mwaka 1598, zaidi ya miaka 30 kabla Taj Mahal haijaanza, na yeye akaja kuzikwa humo 1627. Nimemsimulia baba yako, kasikiliza mpaka mwisho, akauliza, inhala anayo? Ila hukuandika kuwa huyo Rahim ndiye alipambana na Malik Ambar kule Deccan, kusini mwa India, Mhabeshi aliyeuzwa utumwani akaishia kuongoza majeshi. Huyo ni Mwafrika mwenzetu, usimruke, somo unaliweza ila una haraka.

Ile habari ya marumaru ya kaburi la Rahim kubanduliwa ikapelekwa kwenye kaburi la Safdarjung, yule waziri wa baadaye, imeniuma. Maiti mmoja anavuliwa ili mwingine avishwe! Mungu awalipe hao watu wa Aga Khan waliolikarabati hilo la Rahim miaka yote ile mpaka 2020.

Lakini kaburi lina miaka 400 na ushei, haliendi popote. Ngoja Februari hewa itulie. Ukishindwa kungoja basi nenda saa nane mchana, barakoa nzito sio ya kitambaa, inhala mfukoni sio kwenye begi. Usipande bajaji, moshi wote unaishia kifuani kwako, panda metro. Ukifika vaa kwa heshima, usipande juu ya kaburi, wasomee Fatiha wote wawili, picha baadaye. Ile voisi noti yako ya juzi sauti ilikuwa inakwaruza, ukasema mafua. Mafua gani wiki mbili? Nenda hospitali, hela ipo, usinifichie kwa kuniogopea gharama.

Huku vuli imeanza, bati la jikoni tumebadilisha, fundi kamaliza juzi ila kaacha misumari uwani kila mahali. Dada yako kapata kazi ya mkataba, anakusalimu. Ada ya muhula baba yako ataituma wiki ijayo akishalipwa, waambie chuoni wavumilie kidogo. Bibi anataka zafarani ya huko, kidogo tu, ya pilau ya Idi.

Mama yako