Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Ndani: bastola ikiwa na ubovu, nani anatuambia?

Mheshimiwa Waziri, shikamoo. Mimi ni karani wa duka la vifaa vya ujenzi hapa Kariakoo, nakuandikia habari za bastola, na siombi kibali.

Bosi wangu anayo, ya leseni kabisa, sababu jioni anatoka na hela za mauzo. Kuipata alizunguka sana na ni sawa tu, silaha sio simu. Sasa mwaka jana akainama chini ya kaunta kuokota funguo, bastola ikachomoka kiunoni ikadondokea tailisi kwa kisogo, ikalia. Traiga, ile ya kuvuta kwa kidole kufyatua, haikuguswa na mtu, mimi nilikuwa hatua tatu tu pale. Risasi ikatoboa ndoo ya rangi ya lita 20 ikaenda kujikita ukutani, na dada wa chai ndo alikuwa anaingia na birika lake, rangi nyeupe ikamwagikia mpaka kandambili zake, akakaa chini pale pale akawa anatetemeka. Wote tukamlaumu bosi, na kweli kutembea dukani na risasi chemba, yaani ishapakiwa tayari kufyatuka, ni uzembe, lakini bastola ikidondoka inatakiwa inyamaze!

Toka siku hiyo nimesoma sana. Bastola nyingi za kisasa, mfano Glock ambayo jeshi la Austria liliichukua 1982, hazina ile loki ya kubonyeza na kidole gumba, usalama wake mwingi uko ndani, kuna kizuizi kinaishika pini inayogonga risasi mpaka traiga ivutwe. Kwahiyo hicho mnunuzi hakioni, anaamini alichoambiwa na kiwanda.

Halafu nikakutana na kisa cha bastola P320 ya kampuni ya SIG Sauer (ya bosi sio ya kampuni hiyo). Kwenye kuinadi walisema haifyatuki mpaka wewe utake. Januari 2017 jeshi la Marekani likaichagua, na kwenye majaribio ya jeshi ikaonekana ikidondoka inaweza kufyatuka, sababu traiga yenyewe ilikuwa nzito, bastola ikigonga chini kwa nyuma inasimama ila traiga inaendelea kwenda, kama abiria wa daladala dereva akifunga breki ghafla. Za jeshi zikarekebishwa, zikawekewa traiga nyepesi. Raia wakaja kuambiwa Agosti 2017, tena kwa jina la maboresho ya hiari.

Hiyo hiari ndo inaniuma Mheshimiwa. Mtu wa Dar ataijulia wapi? Marekani kwenyewe tume yao ya usalama wa bidhaa inaweza kushughulika na mdoli wa mtoto wenye hatari, lakini bastola sheria imeikataza kugusa, sasa sisi huku tunasubiri nani atutetee?

Ninachoomba ni kidogo. Polisi wanayo namba ya kila bastola yenye leseni. Kiwanda chochote kikitoa tangazo la ubovu, awepo mtu ofisini wa kulinganisha namba, mwenye nayo apigiwe simu siku hiyo hiyo, silaha ikae kituoni mpaka itengenezwe. Na duka lililomuuzia libanwe kisheria kuleta hayo matangazo kwenu, lisikae nayo.

Ya bosi fundi aliikagua akasema nzima, kairudisha kiunoni, na mimi kila akiinama nasogea. Namba yake mnayo tayari, anzeni na hiyo.