Mwandike na mdogo wako

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku Wete hatujambo, ila mvua imetukuta karafuu zikiwa bado jamvini.

Tangazo lako la mashindano ya gemu ya mpira limefika. Baba yako kalisoma akaguna: "Michezo gani ya kukaa kitako?" Nikamuuliza, na wewe bao unalicheza umesimama? Akajitokea zake barazani. Marehemu babu yako alisifika kwa bao mtaa mzima, na jasho sikumwona nalo ila siku akiliwa nyumba.

Kwa hilo niko upande wako. Hangzhou, Uchina, kwenye Michezo ya Asia iliyofanyika 2023, gemu zilitolewa medali kama riadha. Korea Kusini ikachukua dhahabu ya gemu iitwayo League of Legends, na dhahabu ya pale huwapa vijana wao msamaha wa utumishi wa jeshi. Serikali gani itamwachia kijana jeshi kwa mchezo wa kitoto?

Lililonikaa rohoni ni orodha yako: majina yote ya wanaume. Mimi nilicheza nage mpaka nilipovunja ungo, nikaambiwa basi, watu wanaona. Mdogo wako haonwi na mtu. Yuko chumbani, kanga begani, simu mkononi, anawafunga wavulana wa Unguja wasiojua kafunga nani. Lakini nimemchungulia, maikrofoni kaizima. Siku aliyoiwasha walimtukana matusi nisiyoweza kuyaandika, wakamwambia arudi jikoni. Sasa anatumia jina la kiume.

Mchezo wenu hautaki kifua wala mbio. Basi mwanamke anazuiwa na nini? Mwaka 2019, huko California, msichana wa Kichina, Li Xiaomeng, alichukua ubingwa wa dunia wa Hearthstone, gemu ya karata, mwanamke wa kwanza kuupata. Akasimulia kwamba zamani, akiwa kwenye foleni ya mashindano, mwanamume alimwambia pale si pahala pa msichana. Nakuuliza wewe mwenye kushika orodha: hapo Darajani foleni yenu ikoje?

Mwandike kwa jina lake, si lile la kujifichia. Na atakayemtolea maneno umtoe nje, hata awe rafiki yako. Nauli ya boti nitampa mimi, atalala kwa shangazi yako Mwembeladu. Baba yako nimeshamwambia. Kaguna tu, na kuguna kwake unakujua.

Mama yako