Kabla ya kununua ploti Dunga, uliza maji yalifika wapi

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaotafuta ploti Dunga, na pia na kaunti ya Kisumu inayowatazama tu.

Ukitoka mjini ukapita hifadhi ya swala pala na Hippo Point, unaingia kijiji ambacho wengi wanakijua kwa samaki na ugali wa Jumapili. Ni kijiji kweli, ingawa tuktuk hutufikisha mjini upesi. Mashua ziko ufuoni, omena imeanikwa, akina mama wanabishana na wavuvi bei ya mbuta, na kando yao yamesimama mafunjo, marefu kumshinda mtu. Hayo mafunjo ndiyo yaliyonifanya niandike.

Madalali wanayaita pori. Fyeka, wanasema, upate ploti inayotazama ziwa. Hawasemi kwamba ploti yenyewe ni ya ziwa. Mvua zilizoanza 1961, ambazo wazee bado wanaziita mvua za uhuru, ziliinua Ziwa Victoria kwa zaidi ya mita mbili hadi kilele cha 1964. Zaidi ya nusu karne ikapita, watu wakasahau, wakajenga. Mei 2020 ziwa likaivuka rekodi ile, likaingia migahawani na vyooni bila hodi, na 2024 likarudi. Lakini maji yakishuka kidogo tu, nguzo za ua wa waya zinaanza kuota kinamasini.

Mito ya Auji na Wigwa hupita Nyalenda ikibeba kila taka ambayo mtaa ule hauna pa kuitupa. Kabla ya kufika ziwani hupenya mafunjo, na mizizi yake hushika matope na kunyonya sehemu ya uchafu. Sasa kumbuka kwamba hapa hapa Dunga ndipo kuna mtambo unaovuta maji ya ziwa na kuyasafisha kwa matumizi ya jiji. Tajiri wa Milimani anayefungua mfereji asubuhi anafaidi kinamasi hiki, hata kama hajawahi kukanyaga matope yake. Kambale na kamongo nao huzaliana humo.

Wapo wanaoishi kwa kuyakata mafunjo, wakayaanika na kusuka mikeka, vikapu na viti. Hao siwalaumu. Funjo lililokatwa huchipua tena kutoka mizizini. Lililofukiwa kwa lori za kifusi halichipui. Vijana wetu nao huwapeleka wageni kwa mashua kumtafuta ndege mweusi mgongoni, mwekundu kifuani, mwenye utosi wa manjano, ambaye makao yake ni mafunjo. (Mimi humsikia kuliko kumwona, ni mjanja sana yule.)

Katiba, Ibara ya 62, inayahesabu maziwa na mito kuwa ardhi ya umma. Ila ziwa linaishia wapi? Hapo ndipo ujanja unapofanyika, kwa kuwa kila muuzaji huonyesha ukingo wa siku aliyokuja na mteja wakati wa kiangazi.

Ombi langu ni bikoni za saruji, zisimikwe pale maji yalipofika juu kabisa, kuanzia Auji inapoingilia kinamasini hadi ufuoni, wakati ambapo majirani bado wanaweza kuonyesha kwa kidole alama zilizobaki kwenye kuta. Wapimaji waje na wavuvi, wasije na ramani peke yake. Zipo familia za wenyeji zenye hatimiliki halali ndani ya mstari huo, ambazo mababu zao walivua hapa kabla reli haijafika Port Florence, ndiyo Kisumu ya leo, mwaka 1901. Hao wasitimuliwe kama wavamizi. Wasikilizwe na wafidiwe. Aliyemwaga kifusi juzi usiku, huyo akizoe mwenyewe.

Kazi hii ifanyike kabla ya mvua za masika, na ramani ya bikoni ibandikwe kwa chifu na kwenye banda la samaki, ambako dalali na mteja wake hawakosi kupita.

Mkazi wa Dunga,
Kisumu