Wanaotundika sanaa ya kihisabati watundike na kanuni yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie picha zinazochorwa kwa kompyuta kutokana na hesabu, ambazo siku hizi hutundikwa katika maonyesho na kusambazwa mitandaoni zikiwa na maelezo mafupi kwamba mashine imechora jambo lisilo na mwisho. Maelezo ya namna hiyo humpokonya msanii kazi yake, na humficha mtazamaji kilicho bora zaidi katika picha, yaani kanuni iliyoizaa.

Tuchukue seti ya Mandelbrot, iliyopewa jina la Benoit Mandelbrot, mwanahisabati aliyeichunguza mwaka 1980 alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM nchini Marekani. (Robert Brooks na Peter Matelski walikwisha kuichora mwaka 1978 kwa alama za nyota zilizochapwa karatasini, lakini sifa haikuwafuata.) Kanuni yake haizidi sentensi moja: anza na sifuri, zidisha namba uliyo nayo kwa yenyewe, ongeza namba uliyoichagua, kisha rudia. Ukichagua 1 utapata 1, 2, 5, 26, 677, na hapo namba zimekwisha kutoroka. Ukichagua -1 utapata -1, 0, -1, 0, nazo hazitatoroka kamwe. Kila nukta ya picha inasimama badala ya namba moja iliyojaribiwa hivyo, na zile zisizotoroka ndizo zinazofanya umbo jeusi la katikati. Umbo hilo lote halitoki nje ya duara lenye nusu kipenyo cha 2, ilhali urefu wa mpaka wake hauna kikomo, kwa sababu kila ukiusogelea unaonyesha mikunjo mingine ndani ya mikunjo.

Rangi, ambazo ndizo huwavuta watu, hazimo katika hesabu hiyo hata kidogo. Mchoraji huhesabu hatua zilizopita kabla namba haijavuka 2, kisha huamua mwenyewe kwamba hatua 10 ziwe buluu na hatua 50 ziwe dhahabu, kama anavyoamua ni kona ipi ya mpaka aikuze na ipi aiache. Tena kompyuta yenyewe ina kikomo. Namba zake za kawaida hubeba takriban tarakimu 16 tu, kwa hiyo ukiikuza picha kupita mara trilioni kadhaa, mikunjo hupotea na vikabaki vipande vya miraba. Programu zinazokwenda mbali zaidi hulazimika kubeba tarakimu nyingi zaidi, na kazi huzidi kuwa nzito. Video inayoitwa safari isiyo na mwisho ina mwisho, na aliyeitengeneza anaujua. Kisicho na mwisho kimo katika kanuni, wala si katika skrini.

Dai kwamba mashine ndiyo inayochora lilikwisha kujibiwa na kazi ya msanii Vera Molnár, aliyezaliwa Budapest mwaka 1924 na kuhamia Paris mwaka 1947. Mwaka 1959, kabla hajagusa kompyuta, alianza kujipangia kanuni na kuzifuata kwa mkono hatua kwa hatua, akiuita utaratibu huo mashine ya kufikirika. Kompyuta yenyewe aliipata mwaka 1968. Alichora miraba ndani ya miraba, kisha akaingiza vurugu kidogo, asilimia 1 kwa mfano, ili jicho lisilale. Msusi wa mkeka naye huhesabu miyaa yake na kufuata mpango, na sijasikia mtu akisema kwamba mkeka umejisuka. Molnár alifariki Desemba 2023, wiki chache kabla ya kutimiza miaka 100.

Kwa upande wa sanaa inayotokana na takwimu, anayetajwa sana ni msanii Ryoji Ikeda wa Japani, ambaye mwaka 2008 alishirikiana na mwanahisabati Benedict Gross wa Harvard katika kazi iliyohusu dhana ya kutokuwa na kikomo. Katika kazi zake za baadaye ametumia takwimu za NASA na za CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia, zikipita ukutani kwa kasi isiyomruhusu mtu kusoma hata tarakimu moja. Hapo mimi na mashabiki wake tunaachana njia, kwa kuwa takwimu isiyosomeka hubaki kuwa pambo, hata iwe imetoka kwenye nyota.

Ombi langu kwa wenye kumbi za maonyesho, na kwa gazeti lako linapochapisha picha za aina hii, ni kwamba chini ya picha iandikwe kanuni au chanzo cha takwimu, kiasi cha kubahatisha kilichoruhusiwa, na yale ambayo msanii aliyaamua mwenyewe. Maneno 40 yanatosha, na kwa seti ya Mandelbrot nafasi itabaki.

Mwalimu wa hisabati,
Morogoro