Mwacheni kijana wa Mbeya ajiite anavyotaka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo na mimi niseme langu. Hapa Mbeya kuna swali kijana halikwepi, awe msibani, awe kaenda kuposa, hata kwenye bajaji ya kwenda Uyole ataulizwa tu, "we kabila gani?" Akijibu "mi mtu wa Mbeya" wazee wanaguna, utasikia vijana wa siku hizi hawana asili, wamepotea. Jamani inauma, maana wanaosemwa hivyo ni watoto wetu wenyewe.

Hebu tumwangalie huyo kijana katokea wapi. Baba Mkinga, kashuka kutoka Makete kuja kutafuta maisha Mwanjelwa, mama Mnyakyusa wa Tukuyu, majirani Wasafwa, Wandali, Wanyiha, shule Kiswahili, na nyumbani nako Kiswahili kwasababu ndo lugha baba na mama wanayoelewana. Anaitwa Ipyana, jina la Kinyakyusa, lakini ubini ni wa Kikinga. Sasa mnataka amkatae nani, baba au mama? Na mji wenyewe tukiacha Wasafwa ambao ndo wenye eneo, sisi wengine wote ni wa kuja tu, watu walianza kumiminika miaka ya 1920 enzi za dhahabu ya Lupa, halafu miaka ya 1970 ikajengwa reli ya TAZARA wakazidi.

Na hiyo asili tunayowapigia kelele nayo ilitengenezwa na watu. Kule Iringa kabla ya Munyigumba, baba yake Mkwawa, kulikuwa na vitemi vidogo vidogo kila kimoja na mtwa wake, yaani chifu, yeye ndo akaviunganisha karne ya 19 wakawa Wahehe, na leo nani atathubutu kwenda Kalenga kumwambia mzee wa pale kwamba Uhehe wake sio wa kweli? Wanyakyusa nao ukikaa nao vizuri watakutofautishia, huyu Mkukwe, huyu wa Selya. Hata serikali mara ya mwisho kuuliza kabila kwenye sensa ilikuwa 1967, sensa ya 2022 hakuna karani aliyetuuliza, ila sisi mtoto hajamaliza kutaja jina tushamuuliza.

Sisemi lugha zetu zife, hapana kabisa. Mi nafurahi sana nikisikia mtoto anamsalimia bibi yake "ugonile", lakini mtoto anafundishwa kwa kukaa naye, sio kwa kumwaibisha mbele za watu. Na wengine wanaumizwa mara mbili, hapa wanaambiwa hawana asili, wakienda Dar wakifungua mdomo tu lafudhi inachekwa, mpaka mtu anajifunza kuongea kama sio yeye. Halafu yule yule akiweka kwenye profaili yake "mtoto wa Green City", yaani Mbeya, tunamwona kapotea, wakati hapo ndo anatuambia waziwazi anapapenda kwao!

Ombi langu kwa watangazaji wa redio za huku Nyanda za Juu, msikilizaji akipiga simu msianze na "eeh we Mnyakyusa nini, mbona unaongea hivyo" halafu studio nzima inacheka, mwacheni kwanza ajitambulishe anavyotaka yeye ndo muendelee na salamu zenu.

Msomaji wenu,
Uyole, Mbeya