Kuwa na HPV sio ushahidi wa uzinzi

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua, nina jambo limenikaa rohoni tangu mlipotoa ile makala ya HPV, kirusi kinachoweza kuleta kansa ya mlango wa kizazi, yenye kichwa cha habari kikubwa, ugonjwa wa zinaa unaoleta kansa. Makala yenyewe ilikuwa nzuri sikatai, mtu aliyeisoma mpaka mwisho kajifunza, ila wangapi wanafika mwisho? Kwetu kilisomwa kile kichwa tu, na nakwambia kililetwa mpaka kwenye kikao cha familia, gazeti limekunjwa hivi, limewekwa mezani.

Kikao kilikuwa cha dada yangu. Alienda kupima, majibu yakaja ana HPV, akaiweka karatasi kwenye mkoba na shemeji akaikuta wakati anatafuta chaja ya simu. Basi. Usiku uleule simu zikaanza, kesho yake wazee wamekaa, mjomba kavaa miwani anaisoma ile karatasi kama hukumu ya korti, na swali la kwanza kabisa, kabla hata mtu hajauliza huyu anajisikiaje, likawa "nani kakuletea?" Dada atajibu nini sasa, miaka 13 ya ndoa, akaishia kulia tu na kulia kwenyewe watu wakakuhesabu kuwa kakiri.

Jamani hiki kirusi hakifanyi kazi hivyo. Ni kweli kinaambukizwa kwa kujamiiana, na hata kwa ngozi za sehemu za siri kugusana tu, ndo maana kondomu inasaidia lakini haizibi njia yote. Ila karibu kila mtu aliyewahi kufanya mapenzi anakipata wakati fulani maishani, hata aliyekuwa na mtu mmoja tu, na wengi hawajui kwasababu hakiumi, hakiwashi, na mwili wenyewe unakimaliza ndani ya mwaka mmoja miwili. Kikibaki kinaweza kukaa kimya miaka mingi ndo kije kuonekana. Kipimo kinasema kipo, hakisemi kimeingia lini wala kimetoka kwa nani. Kwahiyo dada anaweza kuwa alikipata kabla hata hajamjua shemeji, au kakipata kwa shemeji mwenyewe ambaye naye alikuja nacho kwenye ndoa bila kujua, hilo la pili nililisema pale kikaoni na ukimya ukawa mzito kidogo.

Na hapo kuna kitu kinaniuma zaidi. Wanaume hatuna kipimo cha kawaida cha HPV cha kwenda kupima na kupewa majibu kama wao. Yaani kwenye kesi hii mshtakiwa ni mmoja siku zote, yule aliyejitokeza kupima. Halafu tunashangaa wanawake wanaogopa kwenda! Wakati sisi wenyewe kirusi hichohicho kinatuletea kansa ya koo, ya uume na ya njia ya haja kubwa.

Wataalam wenyewe walishawahi kumshika asiyehusika. Miaka ya 70 wengi walikuwa wanashuku kansa ya mlango wa kizazi inaletwa na virusi vya hepesi, Mjerumani mmoja Harald zur Hausen akang'ang'ania kuwa sio hivyo, ni HPV, mwaka 1983 akaipata aina yake ya 16 kwenye uvimbe wa kansa na mwaka uliofuata aina ya 18, mwaka 2008 wakampa Nobel. Aina za HPV ni zaidi ya 100, nyingi hazina neno, zingine ni za masundosundo tu, ila hizo mbili, 16 na 18, ndo zinabeba kama asilimia 70 ya kansa za mlango wa kizazi duniani.

Cha kumpa mtu nafuu ni muda. Toka maambukizi mpaka kansa kwa kawaida inachukua miaka 15 hadi 20, kwa mwenye kinga dhaifu kama anayeishi na VVU bila dawa inaweza kuwa 5 hadi 10. Hiyo miaka yote ni nafasi ya kuyaona mabadiliko na kuyatoa kabla hayajawa kansa. Dada walimpaka siki kwenye mlango wa kizazi kuangalia kama kuna sehemu inageuka nyeupe, hawakuona kitu, wakamwambia arudi baada ya mwaka. Basi ndo habari yote! Hana kansa. Hayo yameandikwa kwenye karatasi ileile aliyokuwa anaisoma mjomba, mstari wa chini, hakufika.

Chanjo nayo nimesikia mengi, eti inafunga kizazi, eti inawafundisha watoto umalaya. Ndani yake hakuna kirusi hai, ni ganda tupu la kuizoesha kinga ya mwili, na inatolewa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14 kwasababu inatakiwa itangulie, ukishaambukizwa haikutibu. Uskoti walianza kuchanja 2008 na utafiti uliotoka 2024 haukukuta hata mwanamke mmoja mwenye kansa hiyo kati ya waliochanjwa dozi zote wakiwa na miaka 12 au 13.

Ombi langu Mhariri ni dogo, mkiandika tena tafadhali hiyo miaka 15 hadi 20 iwekeni juu kwenye kichwa cha habari, hilo neno zinaa lishusheni huko chini na maelezo yake. Shemeji kaja kuomba radhi wiki iliyopita, nusunusu, akaanza na hali ya hewa. Dada bado hajaamua kurudi kwa mumewe. Karatasi yake kaitoa kwenye mkoba kaichomeka nyuma ya kava la simu, tarehe ya kurudi kupima kaizungushia kalamu nyekundu.

Msomaji wenu wa kila siku