Injini Inagonga? Tuambie Kwanza Inagonga Lini

Mteja akileta gari lenye mlio, mara nyingi huanza kwa kuuiga: "Fundi, inafanya tiki-tiki-tiki," au "Nikikanyaga mafuta inalia go-go-go." Inasaidia, lakini tiki-tiki ya aina moja inaweza kutoka sehemu tatu au nne tofauti. Sisi tunataka zaidi kujua wakati wake. Unasikika asubuhi tu injini ikiwa ya baridi, au hata ikishapata moto? Unazidi ukikanyaga mafuta? Unaanza ukiwasha AC? Majibu hayo ndiyo yanayotenganisha kazi ya kubadili feni belti na kazi ya kushusha injini.

Anza na jaribio hili ukiwa nyumbani. Simamisha gari, weka gia ya P, vuta handibreki, kisha kanyaga mafuta taratibu. Kama mlio hautokei kabisa na ulikuwa unausikia barabarani tu, huenda injini haina kosa. Mvumo unaopanda kadiri gari linavyokimbia mara nyingi ni beringi ya tairi.

Mlio mkali unaokwaruza masikio, hasa asubuhi au baada ya kupita kwenye maji, kwa kawaida ni feni belti. Sisi huinyunyizia maji kidogo. Mlio ukizidi, belti imelegea. Ukinyamaza kisha ukarudi, puli (magurudumu yanayopitiwa na belti) hazijakaa kwenye mstari mmoja. Tafadhali usipake sabuni wala oili. Utapata utulivu wa siku chache, na belti itaharibika mapema.

Sasa tuje kwenye gari nyingi tunazozipokea: IST, Raum, Probox na wenzao wenye injini ya 1NZ-FE. Injini hii inatumia cheni ya taimingi, inayounganisha krenkshafti (shafti kuu ya chini inayozungushwa na pistoni) na kamshafti (shafti ya juu inayofungua vali), na kinachoikaza cheni hiyo ni presha ya oili. Ukiwasha asubuhi ukasikia mchakacho wa sekunde moja au mbili kisha kimya, oili ilikuwa bado haijafika juu. Sababu inaweza kuwa oili pungufu, cheni iliyorefuka, au filta duni ambayo vali yake haizuii oili kushuka usiku. Ndiyo maana tunasisitiza filta nzuri hata pale mteja anapoona tofauti ya bei haina maana. Tapeti, vipande vinavyosukuma vali, nazo hutoa tiki-tiki nyepesi juu ya injini, lakini usiichanganye na mlio mzito wa chini tutakaoueleza hapa chini: kamshafti huzunguka mara moja krenkshafti inapozunguka mara mbili, kwa hiyo mdundo wake ni wa taratibu zaidi. Na kama tiki-tiki inapotea injini ikipata moto, tunachungulia gasketi ya ekzosi, kwa sababu chuma kikipanuka huziba upenyo.

Mlio ambao hatutaki mteja auvumilie hata siku moja ni ule mzito wa chini: go, go, go, unaozidi injini ikipata moto na ikibeba mzigo. Hapo tunashuku beringi za konrodi, yaani mikono inayounganisha pistoni na krenkshafti. Nafasi kati ya beringi hizo na krenkshafti hupimwa kwa sehemu za mia za milimita, na humo ndani inakaa oili. Oili ikipungua au ikichakaa, chuma kinalika, nafasi inaongezeka, konrodi inaanza kugonga. Kuhakikisha, tunachomoa waya wa koili (kifaa kinachoipa plagi umeme) moja baada ya nyingine. Silinda yenye shida ikiacha kuchoma mafuta, kugonga kwake hupungua. Kisha tunafunga geji ya presha ya oili, na mwisho tunamwaga oili na kuiangalia juani. Ikimeremeta chembe za chuma, jibu limepatikana.

Ikiwahiwa, beringi zinabadilishwa na krenkshafti inapona. Ikichelewa, krenkshafti inapelekwa kuchongwa. Ikiachwa kabisa, konrodi inaweza kukatika na kutoboa bloku, na hapo unaanza kuzunguka Kariakoo na Ilala kutafuta injini ya mtumba. Kuna watu wanashauri kuweka oili nzito ili mlio unyamaze. Tunapinga ushauri huo kwa nguvu zote. Beringi iliyolika hairudi, na oili nzito kuliko iliyoelekezwa na mtengenezaji inachelewa kufika juu injini ikiwa ya baridi. Ndiyo maana ukienda kununua gari, omba uikute injini ikiwa ya baridi, na angalia oili kwenye stiki kabla haijawashwa.

Taa nyekundu ya oili ikiwaka, zima injini hapo hapo, hata kama upo Mbezi na nyumbani ni Kibamba. Gharama ya bredauni ni ndogo sana kuliko ya injini.

Mlio mkavu wa haraka unaposikika wakati wa kupanda mlima tu, tuseme Kitonga ukiwa umejaza abiria, mara nyingi ni petroli kulipuka kabla ya wakati. Tunaangalia kaboni, plagi na joto la injini, na tunakuuliza ulijaza mafuta wapi. Petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa huleta mlio huo huo.

Ukipanga kuja, rekodi mlio kwa simu unapotokea, boneti ikiwa wazi na simu ikiwa mbali na feni. Kama unasikika asubuhi tu, tuachie gari jioni lilale hapa ili tuliwashe wenyewe likiwa la baridi. Njoo pia na kumbukumbu ya lini ulibadili oili na ya aina gani. Hatufungui injini kabla ya kukuonyesha vipimo, na spea tulizotoa utakabidhiwa uzione.